Pete ya Nta

Kwa miaka mingi Veturia aliusikia wimbo ule ukipita mlangoni na hakuwahi kuusikiliza hata siku moja. Kwake ulikuwa kelele za ujana wa mwanawe: magitaa ya umeme yananguruma, na katikati yake filimbi ya wachungaji inalia peke yake. Kero ikimzidi alikuwa akigonga ukuta kwa mpini wa ufagio. "Sabin! Punguza hayo makelele!" Sabin angepunguza kidogo, kisha angeongeza tena, kwa sababu mtoto ni mtoto, Romania na kwingineko.

Sasa Sabin alikuwa na miaka ishirini na saba, amelala chumba cha mbele, kile cha wageni chenye zulia ukutani, na hakuna aliyegonga ukuta tena. Angeleta hata kengele za kanisa azipige humo ndani, mama yake angesema endelea, mwanangu, endelea.

Daktari wa Craiova alikuwa amemvuta Veturia kwenye korido, mwanzoni mwa kiangazi, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba ni kongosho, saratani imeshasambaa, mrudisheni nyumbani ale anachotaka. Kisha akaingia wodini akamwambia Sabin ni vidonda vya tumbo, aepuke pilipili. Hakuna aliyemwomba daktari aseme uongo. Ndivyo ifanyikavyo kwao: mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kuambiwa, na anayemwambia huhesabiwa kuwa amemsukuma kaburini kwa mkono wake.

Basi kijiji kizima kilijua isipokuwa mwenye tumbo lake. Wanawake walikuja na keki za jibini, wakamwambia Sabin amenenepa, halafu wakaenda kulia nyuma ya banda la kuku. Mumewe Veturia, Pantelimon, mchimba makaa mstaafu ambaye hajapata kulia mbele ya mtu, alikuja kila asubuhi kumsimulia mwanawe habari za soka, hata siku ambazo hakukuwa na mechi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini hapa wazima ndio waliomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe, na kwa hilo sijui wahenga wangesemaje.

Siku moja ya Agosti Veturia alikaa kando ya kitanda akipukuchua maharage. Sabin akabonyeza redio yake ndogo ya CD, na ule wimbo ukaanza. Veturia hakuwa na ufagio mkononi, wala hakuwa na hasira tena ya kugombana na gitaa. Kwa mara ya kwanza maneno yakamwingia.

*Vijana saba wapanda mlimani, hakuna aimbaye,*
*washuka na msonobari uliovaa utepe mwekundu.*
*Bwana arusi hajatoka mlangoni,*
*wageni wamekuja bila kuitwa.*

*Pete ni ya nta, usiipeleke kwenye moto.*
*Bibi arusi mpole, nyumba yake haina dirisha.*
*Mama mkwe hapiki, mama mkwe hashibi.*
*Piga filimbi, ndugu, piga hadi kuche,*
*mwenyewe hatakuja kucheza.*

Maharage yalimtoka mkononi yakatawanyika sakafuni.

"Vipi, mama?" Sabin akauliza.

"Mkono umekufa ganzi," akasema, akainama kuyaokota, na akakaa chini huko muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji.

Aliijua harusi ile. Aliwahi kutembea nyuma ya harusi kama hiyo akiwa msichana, kaka yake Neculai alipofukiwa na mgodi kabla hajaoa. Kwao kijana haendi chini ya udongo bila harusi. Akifa kabla ya kuoa, anafanyiwa siku hiyohiyo ya maziko. Kila kitu kilichoimbwa na wale wavulana wa bendi ya Craiova, Veturia alikuwa amekishika kwa mikono yake. Na mwanawe, ambaye naye hakuoa, na ambaye daktari alisema hataiona theluji, alikuwa akiupiga wimbo huo kutwa na kutikisa kidole cha mguu chini ya blanketi.

Sabin hakuwa na mahali pa kuijua desturi ile. Alizaliwa na kukulia mji wa Motru, katika maghorofa ya wachimba makaa, ambako mti pekee ulikuwa nguzo ya umeme. Familia iliporudi kijijini mgodi ulipopunguza watu, padri mpya alikuwa ameshapiga marufuku mambo ya msonobari, akisema ni ushenzi. Kisha Sabin akaenda Uhispania kwenye ujenzi, na huko akakaa hadi tumbo lilipomrudisha. Kwake, na kwa vijana wote wa rika lake, ule ulikuwa wimbo wa harusi. Waliupiga kwenye harusi hasa, saa ya kumvua bibi arusi shela, wakarukaruka hadi vioo vikatetemeka. Wazee wachache waliotambua maneno walitazamana tu na kunywa. Nani atasimama katikati ya harusi ya mwenzake aseme jamani, mnacheza msibani?

Tangu siku ile ya maharage Veturia alikuwa na swali moja lililomnyima raha: je, anajua? Anaupiga kwa sababu ameshajua?

Haikupita wiki Sabin akaanza kuuliza. Alimwanzia Gelu, rafiki yake wa tangu shule, aliyekuwa akipiga kinanda kwenye maharusi na mwenye kitambi cha maharusi hayo. Gelu alikuja na tikiti maji, akaketi kwenye kiti kikalia.

"Gelu, wewe umeupiga huu wimbo mara elfu. Hebu niambie maana yake."

"Maana gani? Mambo yako wazi, bwana. 'Mama mkwe hapiki, mama mkwe hashibi.' Huyo si mama mkwe wangu huyo? Nani aliwapa habari zake?"

"Acha utani. Pete ya nta je?"

"Ndoa za siku hizi. Ikiona jua tu, imeyeyuka. Muulize dada yangu, ana tatu."

"Na mwenyewe hatakuja kucheza?"

"Amelewa! Wewe umeona bwana arusi gani wa hapa kwetu Gorj anayefika alfajiri kwa miguu yake? Mimi wangu walinibeba kwenye toroli."

Sabin alicheka huku ameshika tumbo, na Gelu akacheka zaidi ya alivyopaswa. Uani, alipokuwa akiaga, Gelu alimshika Veturia bega, akaondoka na kofia mkononi.

Kisha Sabin akamuuliza baba yake. Pantelimon alifikiri sana, kwa kuwa alimheshimu mwanawe.

"Wale vijana wana nywele hadi kiunoni," alisema hatimaye. "Mtu wa nywele hizo hana maana. Anaona kinachofanana na maneno, anaimba. Unajua Steaua wamemsajili nani?"

"Nani, baba?"

Na soka likaendelea.

Zamu ya Veturia ilifika Jumapili asubuhi. Sabin alikuwa akinyoa ndevu kitandani, kioo kidogo amekiegemeza kwenye chupa ya maji. Jumapili alinyoa siku zote, maana Jumapili alikuja Ilinca, binti wa posta, na bakuli la maziwa mgando, akakaa nusu saa wakacheka mambo yasiyochekesha. Veturia hakujua kama msichana alikuja kwa mapenzi au kwa huruma, na hakutaka kujua.

"Mama, wewe ni wa hapahapa. Hii nyumba isiyo na dirisha ni nini?"

"Nyumba ni nyumba."

"Na pete ya nta?"

"Nta ni ya mishumaa. Watu wa zamani walitengeneza kila kitu kwa nta. Usijikate, tazama kidevu."

Sabin akashusha wembe akamtazama mama yake. "Unajua," akasema. "Unajua lakini hutaki kuniambia." Akatabasamu kidogo, akaendelea kunyoa.

Tabasamu lile lilimkosesha Veturia usingizi. Na hapa lazima tuwaelewe watu hawa, la sivyo tutamlaumu bure. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuliza jambo kwa jina lake. Mkwewe, Mungu amrehemu, akitaka kuondoka ugenini aliuliza kama mbwa wamefungwa. Pantelimon alipokuja kumposa Veturia alikaa jioni nzima akimuuliza baba yake kama ana mpango wa kuuza ndama, na baba yake akajibu kwamba ndama anapendwa nyumbani lakini akipata zizi zuri atapewa ruhusa, na wakapeana mikono. Veturia mwenyewe aliulizwa kama anapenda maji ya kisima cha kina Pantelimon. Mtu aliyelelewa hivyo, akiulizwa juu ya pete ya nta na mwanawe anayekufa, atasikia swali gani?

Alimpelekea shida yake Saveta, mama wa ubatizo wa Sabin, mwanamke mwenye kifua kikubwa na uhakika mkubwa zaidi. Saveta alikuwa akikamua jibini. Hakuacha kukamua.

"Anajua," akasema.

"Atajuaje? Hakuna aliyemwambia."

"Shoga yangu, mwili wake si ndio unaomwambia? Anajua, na anaona nyote mnamchezea sinema, naye anakuchagulieni njia ya heshima ya kusema. Anawauliza wimbo! Ungependa akuulizeje? Aje na tarumbeta?"

"Na kama hajui?"

"Mara ngapi ameuliza?"

"Mimi, mara moja."

"Akirudia, mwambie. Utamwacha afe na hilo fundo kooni? Afe bila kuungama, bila mshumaa mkononi, gizani, kwa sababu mama yake aliogopa wimbo?"

Hilo la mshumaa lilimchoma Veturia mahali palepale lilipolengwa. Kufa bila mshumaa mkononi ni jambo ambalo kwao hata adui hatakiwi. Na anayedhani ana vidonda vya tumbo hawezi kushikishwa mshumaa. Alirudi nyumbani akilia njia nzima, na moyoni ameshakubali. Zaidi ya hayo, alikuwa na haraka ya mama. Alianza kushughulika kimyakimya: akazungumza na huyu, akazungumza na yule, akahakikisha kwamba siku ikifika, padri apende asipende, hakuna kitakachopungua.

Septemba plamu ziliiva. Pantelimon alikuwa uani na mapipa yake, akikoroga mchachu wa kutengenezea pombe, na nyumba nzima ilinuka tamu na chungu. Sabin alikuwa na siku nzuri. Alikunywa supu yote, akaomba aegemezwe kwenye mito, akabonyeza redio. Mwanga wa mchana ulikuwa umemwangukia usoni na Veturia aliona jinsi mfupa wa shavu ulivyotokeza.

Wimbo ulipokwisha Sabin alisema, "Mama. Kaa hapa."

Akakaa.

"Nieleze huu wimbo. Lakini sasa kweli. Usinikwepe kama siku ile. Nataka kujua."

Ndiyo hiyo, Veturia akawaza. Amerudia. Akamshika mkono, ukawa mwepesi mno. Aliogopa, lakini ndani ya woga alisikia pia nafuu, aibu iliyoje, nafuu ya mtu aliyebeba mzigo miezi mitatu na mwenzake anamwambia utue.

"Hii si harusi ya watu walio hai," akaanza. "Ni ya kijana aliyekufa kabla ya kuoa."

Macho ya Sabin yakapanuka. "Kumbe!"

"Siku hiyo vijana wenzake wanapanda mlimani kukata msonobari. Njiani hawaimbi wala hawaongei. Wanauchagua mnyoofu, ambao haujavunjika kilele, halafu wanaushusha mabegani bila kuuacha uguse chini. Wasichana wanaufunga tepe na maua, na mmoja wao anavaa shela kumsindikiza. Unakwenda mbele ya jeneza. Ukifika, unasimikwa kichwani pa kaburi, na hapo unakaa hadi ukauke uanguke wenyewe."

"Ndio maana hakuna aimbaye."

"Ndio maana. Na wageni hawaitwi, kwa kuwa msibani nani anapeleka kadi? Pete wanaikanda kwa nta ya mshumaa, wanamvisha kidoleni, kwa sababu pete ya dhahabu ni ya watu wa juu ya ardhi."

"Na nyumba isiyo na dirisha... ni kaburi." Sabin alijiinua kwenye mito, uso umechangamka, kama alivyokuwa utotoni akipata jibu la hesabu kabla ya mwalimu. "Basi bibi arusi ndiye mauti! Na mama mkwe..."

"Udongo."

"Hapiki, hashibi. Mama yangu! Na sisi tuliuchezea kwenye harusi ya Gelu! Gelu alimbeba mkewe begani! Wewe ulikuwepo, ulituona, na hukusema!"

"Ningesemaje? Hata mimi sikuwa nimeyasikiliza maneno."

Alicheka kicheko cha kweli, kilichomkata pumzi, naye Veturia akacheka pia huku machozi yanamtoka, na akawaza: tazama jinsi alivyo jasiri. Anacheka. Mungu wangu, nimezaa mwanaume. Moyo ukamjaa upendo hata akakosa hadhari.

"Usiwe na hofu, mwanangu," akasema, akimpapasa mkono. "Wako nitaupamba mimi mwenyewe. Sitamwachia Saveta, yeye huweka maua ya plastiki. Nimeshanunua tepe, nyekundu na nyeupe. Gelu na wenzake wameshauona mti, upo juu ya chemchemi, umenyooka vizuri. Na nimezungumza na Ilinca. Amekubali kuvaa shela."

Redio ilikuwa imeingia wimbo mwingine, wa haraka. Sabin bado alikuwa na kicheko mdomoni lakini hakikuwa na kitu nyuma yake.

"Wangu upi?" akauliza.

Veturia akauachia mkono wake.

"Mama, wangu upi? Ilinca amekubali nini?"

Maji yakishamwagika hayazoleki, na Veturia aliyaona yakitambaa sakafu nzima. Alifungua mdomo atafute uongo, uongo wowote, yeye aliyekuwa na uongo wa kila siku tangu Juni, na hakupata hata mmoja.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Ninajua nini?"

"Ulivyokuwa ukiuliza... nilidhani unaniuliza..."

"Niliuliza wimbo, mama." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Mimi niliuliza wimbo tu. Ninaupenda tangu zamani na sikuwahi kuuelewa. Sina kazi hapa kitandani. Nikasema niulize."

Uani Pantelimon alikuwa akigonga pipa kwa kijiti, akisikiliza limejaa hadi wapi.

"Si vidonda," Sabin akasema.

"Si vidonda."

"Nilikuwa nangoja vipone. Nimemwandikia msimamizi wangu Uhispania anishikie nafasi ya masika." Akatazama dari. "Lini?"

"Sabin..."

"Lini, mama? Umeshasema mti na shela, malizia."

"Daktari alisema kabla ya theluji."

Akageuza uso kuelekea dirishani. Juu ya mlima, asubuhi hizo, kulikuwa kumeanza kuonekana weupe kidogo, na Veturia akaona aibu kwamba hakufunga pazia. Alitaka kumkumbatia lakini hakujua kama bado ana haki.

"Baba anajua?"

"Anajua."

"Gelu, na lile tikiti lake?"

"Kijiji kizima, mwanangu."

"Na Ilinca ndiyo sababu anakuja Jumapili."

"Hilo silijui. Haki ya Mungu silijui. Labda anakuja kwa kuwa anapenda."

"Mimi nanyoa ndevu," Sabin akasema. "Kila Jumapili nanyoa ndevu." Ndipo akaibana midomo yake kwa meno. Veturia alipiga magoti kando ya kitanda akaweka paji la uso kwenye blanketi akasema nisamehe, nisamehe, nisamehe, akilia waziwazi sasa, na mwanawe akaweka mkono kichwani pake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Hakusema nimekusamehe.

Nyayo za Pantelimon zikasikika barazani, akikung'uta viatu.

"Inuka," Sabin akasema haraka. "Futa macho. Mama, inuka! Asijue kwamba najua."

"Lakini..."

"Hataweza. Wewe utaweza, yeye hataweza. Niapie."

Veturia akaapa. Aliufuta uso kwa aproni, akashika bakuli tupu la supu ili mikono iwe na shughuli. Pantelimon akaingia, mikono ya zambarau hadi viwikoni, akaleta ndani harufu yote ya mapipa. Siku hiyo hakuwa na habari za soka. Labda zilikuwa zimemwishia.

"Nimekuwa nikitazama banda la ng'ombe," akasema, akisimama kwenye kizingiti asichafue zulia. "Vigae vimekwisha kabisa. Nimesema mwakani tuezeke bati. Wewe ndiye fundi, umejenga Uhispania nzima. Ukipata nguvu tutapanda pamoja, mimi nakupa vifaa chini, wewe unapiga juu. Au unaonaje?"

Veturia alikaza bakuli. Akahesabu kwamba sasa atalia, sasa atasema.

"Bati la rangi gani?" Sabin akauliza.

"Jekundu. Au unataka la kijani?"

"Jekundu zuri. Lakini usinunue misumari ya kawaida, baba. Nunua ile yenye mpira kichwani, la sivyo maji yatapita, na baada ya miaka miwili mbao zote zimeoza."

"Yenye mpira?"

"Yenye mpira. Na upande wa mlimani ongeza boriti mbili, theluji huko inakaa sana."

"Boriti mbili," Pantelimon akarudia, akiinua vidole viwili vya zambarau ili asisahau. "Umesikia, Veturia? Boriti mbili. Nitaanza kuziranda wiki hii, zipate kukauka." Akasimama kidogo zaidi, akimtazama mwanawe, kisha akamtakia apumzike.

Jikoni alinawa mikono kwa muda mrefu, ingawa zambarau ya plamu haitoki kwa maji. Veturia alimmiminia supu, akamkatia ugali wa njano kwa uzi kama alivyozoea. Mumewe alikaa mezani, hakushika kijiko. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo tangu mwanzo wa kiangazi, na alipozungumza alinong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa na bahati mbaya.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Misumari yenye mpira. Amefikiria hadi maji yatakavyopita, hadi miaka miwili ijayo. Mtu anayekufa haulizi misumari, Veturia." Akaushika mkono wake, na wake ukalowa. "Yule daktari alimtazama mara moja tu. Madaktari nao hukosea. Huenda alikosea, eti?"

Chumba cha mbele redio ilikuwa imezimwa.

"Huenda," Veturia akasema, akamsogezea chumvi.